Gari jipya pwani: jinsi ya kulinda rangi dhidi ya jua, chumvi na mchanga

Msikilizaji wetu, kila tunapozungumzia magari hewani, ujumbe mwingi unakuja kuhusu injini na matairi. Rangi inasahaulika mpaka siku ya kuuza. Mnunuzi anazunguka gari mara moja, anaona paa limepauka na boneti linabanduka, anakata bei hapohapo. Ukitazama gari lililonunuliwa kwa mkopo wa kikundi, kwa mauzo ya korosho au kwa akiba ya miaka kadhaa, hilo si jambo la urembo tu.

Huku kwetu Kaole, Bagamoyo na pwani yote inayoshuka mpaka Bunju, "gari jipya" mara nyingi ni gari lililotumika Japani likashushwa bandari ya Dar es Salaam. Kwako ni jipya, lakini rangi yake tayari ina miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo ushauri huu unakuhusu zaidi, si kidogo. Mwenye bajaji au bodaboda naye asome, kwani tangi lake limepakwa rangi kwa namna hiyohiyo.

Rangi ya gari ina matabaka

Kiwandani bati husafishwa, kisha huzamishwa katika dawa ya kuzuia kutu. Juu yake hupigwa praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho tabaka linalong'aa lisilo na rangi. Hilo la mwisho mafundi wanaliita klia. Ndilo linalopokea jua, mvua na dodoki lako kila siku, na ndilo linalokinga rangi iliyo chini.

Matabaka yote hayo kwa pamoja yana unene unaokaribia karatasi moja ya daftari. Klia peke yake haifiki nusu ya karatasi hiyo. Kila unaposugua kwa nguvu unapunguza kitu ambacho hakiongezeki.

Kama umewahi kuingia kwenye magofu ya Kaole, umeona kuta za mawe ya matumbawe za msikiti wa karne ya 13. Pale ambapo lipu ya chokaa imebaki, jiwe limetulia. Pale ilipobanduka, mvua na upepo wa bahari vinakula jiwe lenyewe. Klia kwenye gari inafanya kazi ya lipu ile.

Si kila gari lina klia. Baadhi ya magari meupe ya kawaida, hasa ya zamani, yamepigwa rangi moja tu. Pima hivi: chukua kitambaa cheupe (au cheusi kwa gari jeupe), tia polishi kidogo, sugua polepole sehemu iliyojificha. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna klia. Kisipochukua, klia ipo.

Maadui wa rangi pwani

Jua. Bagamoyo iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa. Mionzi yake huvunja klia polepole. Kwanza hupoteza mng'ao, kisha huwa na ukungu mweupe, mwisho hubanduka kama ngozi ya nyoka. Ndiyo maana paa na boneti huharibika kabla ya milango.

Chumvi. Upepo wa bahari na vumbi la mashamba ya chumvi huacha chumvi juu ya gari. Klia nzima huivumilia. Lakini penye mkwaruzo uliofika kwenye bati, chumvi huvuta unyevu hewani na kutu huanza. Kutu hutembea chini ya rangi, hivyo unapoona kipele kimoja, ujue chini yake eneo lililoharibika ni kubwa zaidi.

Mchanga. Punje za mchanga wetu ni ngumu kuliko klia. Vumbi likikaa juu ya gari halidhuru sana. Madhara yanakuja unapolifuta kwa kitambaa kikavu, kwa sababu hapo unapiga msasa.

Miti na ndege. Kinyesi cha kunguru na popo kikipigwa na jua huchora doa ndani ya klia kwa siku moja au mbili tu. Utomvu wa mwembe ni mkali hata kwenye ngozi ya mtu, sembuse rangi. Mabibo yakidondoka huacha madoa, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza.

Mafuta ya breki. Yakimwagika kwenye rangi huilainisha mpaka inavimba na kutoka. Mwagia maji mengi papo hapo, usisubiri umalize kazi.

Hasara yangu mwenyewe

Nilijifunza haya kwa kulipa. Gari langu lilipata madoa mawili ya kunguru kwenye boneti. Kijana aliyenioshea gari aliyakuta yamekauka, akachukua chuma cha kusugulia sufuria. Madoa yalitoka kweli. Nilimshukuru na nikampa cha juu. Kesho yake kwenye jua nikaona duara mbili zilizofifia, kila moja ukubwa wa kisahani.

Fundi wa rangi alipitisha kidole akaniambia, "Dada, hapa hakuna cha kung'arisha. Klia imeshakwenda." Boneti nzima ilipakwa upya kwa ajili ya madoa mawili ambayo kitambaa chenye maji, kikiachwa juu yake dakika kumi, kingeyatoa.

Kuosha gari hatua kwa hatua

1. Weka gari kivulini na usubiri bati lipoe. Sabuni ikikauka kwenye bati la moto huacha alama.

2. Mwagia maji kwanza, kuanzia paa kushuka chini, bila kugusa. Lengo ni kuondoa mchanga.

3. Tumia ndoo mbili. Moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kuosha sehemu moja. Utashangaa mchanga unaobaki chini ya ndoo ya pili. Bila ndoo hiyo, ungerudi kwenye gari.

4. Tumia shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali na huondoa nta iliyopo. Kama shampuu haipatikani, maji mengi matupu ni afadhali kuliko sabuni ya unga kila wiki.

5. Osha juu kwanza, matairi na sehemu za chini mwisho, kwa sponji tofauti.

6. Suuza, kisha kausha kwa taulo laini. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvichumvi. Yakikauka yenyewe juani huacha vidoa vyeupe. Kama una maji ya mvua, yahifadhi kwa kusuuzia.

Mara moja kwa wiki inatosha kwa gari linalolala karibu na bahari. Ukitoka ufukweni kupakia samaki, au ukipita kwenye maji ya bahari, osha chini ya gari siku hiyohiyo.

Usioshee mtoni wala ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira, na sabuni na oili yako hufika kwenye maji wanayotumia wengine.

Nta na polishi si kitu kimoja

Dukani kila kopo linaitwa polishi, na hapo wengi hukosea. Kopo lililoandikwa "compound" au "polish" mara nyingi lina chembe za kusugua. Linang'arisha kwa kupunguza klia. Kopo lililoandikwa "wax" ni nta, nayo huongeza tabaka la kinga juu.

Nta paka kila baada ya miezi miwili au mitatu, na usikose kabla ya masika. Gari liwe safi, kavu na limepoa. Paka kidogo, subiri ikauke, futa kwa kitambaa laini. Kupima kama ipo bado, mwagia maji: yakikusanyika kama matone kwenye jani la muhogo, nta ipo. Yakitandaa, imekwisha.

Compound iache kwa mikwaruzo maalumu. Anayekushauri kung'arisha gari zima kwa mashine kila mwezi anakumalizia klia.

Mafuta ya nazi na dizeli visipakwe kwenye bodi. Vinang'aa jioni moja, kesho vimekamata vumbi lote la barabarani. Oili chafu chini ya gari nayo huharibu raba za miguu na kudondokea ardhini.

Kulaza gari

Banda la makuti lililo wazi pembeni ni bora kuliko turubai. Turubai likipeperushwa na kusi juu ya gari lenye vumbi husugua usiku kucha, na lile la plastiki hufungia unyevu. Mwembe na mkungu vina kivuli kizuri, lakini umeshasoma habari za utomvu na popo. Mnazi sihitaji kueleza, nazi moja inatosha.

Rangi ikichubuka

Jiwe likirusha kipande cha rangi, shughulikia wiki hiyohiyo. Osha, kausha, ondoa kutu kwa msasa laini, paka praima kidogo kwa brashi ndogo, iache ikauke, kisha rangi, na mwisho klia, matabaka membamba. Namba ya rangi ya gari lako imeandikwa kwenye kibati kilichopo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Ipige picha kwa simu, maduka ya rangi za magari huchanganya kwa kufuata namba hiyo.

Klia ikishaanza kubanduka, hakuna nta wala polishi itakayoirudisha. Sehemu hiyo lazima ipigwe msasa na kupakwa upya. Ukipaka upya gereji, mwulize fundi muda wa kusubiri kabla ya nta. Rangi ya gereji huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, hivyo mwezi mmoja ni kiwango cha chini. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwa joto kali, hiyo haihitaji kusubiriwa.

Kabla ya kununua

Kagua gari mchana, juani. Linganisha rangi ya milango na bodi. Tazama raba za madirisha kama zina matone ya rangi, dalili kwamba lilipakwa upya. Inama uangalie chini: baadhi ya magari yametoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na kutu ilianza kabla halijapanda meli.

Ukikumbuka mambo matatu tu, yawe haya: mwagia maji kabla ya kugusa, lowesha kinyesi cha ndege badala ya kukikwangua, na paka nta kabla ya masika. Hayo yanahitaji ndoo mbili na kopo moja. Ukiwa na swali, tuandikie ujumbe wakati wa kipindi, tutamuuliza fundi.