Kutu ya ubongo: stori iliyoanza mwaka 1954

Wadau, kila kukicha tunaletewa vidonge vya kuzuia uzee na kurudisha kumbukumbu. Mzee akianza kusahau majina ya wajukuu, watoto wanachanga hela wanamnunulia kopo. Kabla hujachanga ya kwako, tupitie kidogo historia.

Mwaka 1954 Rebeca Gerschman, mwanasayansi wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza na wenzake kwamba oksijeni ikizidi hudhuru kama mionzi: vyote viwili huzalisha radikali huru, chembe zisizotulia zinazoshambulia chochote kilicho jirani. Mwaka 1956 Denham Harman akasema chembe hizo ndizo zinazotuzeesha. Wengi walimpuuza, mpaka mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walipotangaza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzizima. Mwili una zimamoto wake, basi moto upo!

Ubongo ndio hatarini zaidi. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wetu, ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walipima ubongo wa marehemu wa umri mbalimbali. Kwa wazee, protini zilizoliwa na "kutu" hiyo zilikuwa nyingi zaidi, na kimeng'enya kiitwacho glutamini sinthetesi kilikuwa kimepungua nguvu. Kazi yake ni kugeuza glutameti, ambayo ikirundikana huua seli za neva.

Hapo biashara ikanoga: kama ni kutu, tumeze dawa ya kutu. Lakini mwaka 1994 huko Finland, wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Mwaka 2005 yakatoka matokeo ya watu 769 walioanza kusahau: miaka mitatu ya vitamini E kwa dozi kubwa haikuwakinga na Alzheimer.

Kumbe mwili wenyewe huzitumia chembe hizo kuua vijidudu na kupeleka ujumbe kati ya seli. Tena kuona kutu kwenye ubongo mgonjwa hakuthibitishi kwamba kutu ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Kwa hiyo mzee akianza kusahau, hela ya kopo iwe nauli ya hospitali. Huko atapimwa presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, na baadhi ya hayo yakigundulika yanatibika. Mnasemaje wadau?