Makaburi ya Nyeri: Waliopewa Mawe na Aliyenyimwa

Kila ifikapo tarehe 22 Februari, vijana waliovaa skafu shingoni humiminika Nyeri, wengine wakitoka mbali na Kenya, na safari yao huishia kwenye makaburi ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro. Hapo ndipo alipozikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1857. Alihamia Nyeri mwaka 1938, mzee aliyechoka, akakaa katika nyumba ndogo aliyojengewa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Akafariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na umri wa miaka 83. Jiwe lake jeupe limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiacha njiani kuwajulisha wenzao kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Mkewe, Olave, alipofariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yaliletwa Nyeri yakazikwa papo hapo. Serikali ya Kenya imelitangaza kaburi hilo kuwa kumbukumbu ya taifa.

Katika makaburi hayohayo amelala Jim Corbett, ambaye Wahindi wengi wanamjua kuliko Wakenya. Alizaliwa Nainital, chini ya milima ya Himalaya, mwaka 1875, na jina lake likavuma kwa kuwawinda chui na simbamarara waliokuwa wakila watu vijijini. India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake walihamia Kenya, wakaishi katika nyumba ileile ya Outspan aliyofia Baden-Powell. Usiku mmoja wa Februari 1952 alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, pamoja na binti mfalme Elizabeth. Ndio usiku ambao baba yake Elizabeth alifariki Uingereza na binti akawa malkia. Corbett alifariki Aprili 1955. Mwaka mmoja kabla yake, hoteli hiyo ya mtini ilikuwa imeteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau.

Wageni wengi hupiga picha kwenye makaburi haya mawili, kisha wakaenda zao. Mimi naamini thamani ya mahali hapa ni pana zaidi ya majina mawili. Makaburi ya mji mdogo ni daftari la mji wenyewe: yanaonyesha nani alifika, lini, alifariki akiwa na umri gani, na nani aliyebaki nyuma mwenye uwezo wa kumlipa mchonga mawe. Nyeri ilianza mwaka 1902 kama kambi ya askari wa Kiingereza, katika vita vya kuwatiisha Wagikuyu wa Tetu. Daftari hili basi liliandikwa kwanza na walioshinda.

Tena liliandikwa katika nchi ambayo haikuwa na desturi ya makaburi ya pamoja. Kwa mila za zamani za Wagikuyu, kuzikwa ardhini kulikuwa heshima ya wachache, wazee wenye mali na watoto. Wengine walipelekwa porini, kwa kuwa maiti ilikuwa na unajisi uliohitaji utakaso. Wamisionari na serikali ya kikoloni ndio walioeneza mazishi ya kaburi kwa watu wote. Hata leo familia nyingi za Nyeri humzika mtu wao shambani kwake, si makaburini. Kwa hiyo mtu akitafuta historia yote ya mji huu katika mawe ya kanisani ataipata nusu tu, na lazima ajue kwamba ni nusu.

Vita Kuu ya Pili iliongeza ukurasa mwingine. Huko Mathari, nje kidogo ya mji, lipo kanisa la ukumbusho ambamo imehifadhiwa mifupa ya askari zaidi ya 600 wa Italia. Pamoja nao yumo Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa makoloni yote ya Italia Afrika Mashariki. Alijisalimisha Amba Alagi, Ethiopia, mwaka 1941, akafa mfungwa Nairobi mwezi Machi 1942. Aliyeshindwa vita alitunziwa mifupa yake kwa adabu, na hilo ni jambo jema. Linaumiza tu ukilipima na lililompata mwana wa Nyeri mwenyewe.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956 na kushtakiwa mjini humohumo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, siku nne kabla ya maskauti wa dunia kuadhimisha miaka mia tangu Baden-Powell azaliwe. Alizikwa gerezani bila alama yoyote. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007, na chuo kikuu cha Nyeri kinaitwa kwa jina lake, lakini kaburi hana.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inatoa njia ya kulinda makaburi yenye historia. Hailazimu kungoja jina kubwa. Mawe ya wasiojulikana kanisani yapigwe picha na maandishi yake yanakiliwe sasa, kabla mvua za mlimani na kuvu havijayafuta, na wazee wa vijijini waulizwe ni wapi walizikwa watu waliofia katika kambi na vijiji vya hali ya hatari wakati wa vita vya Mau Mau, miaka ya 1950. Kuhusu Kimathi, mwaka 2019 taasisi inayobeba jina lake ilitangaza kwamba kaburi limepatikana Kamiti, na serikali ikakanusha. Mjane wake, Mukami, aliyeomba mabaki ya mumewe kwa miongo mingi, alifariki Mei 2023 na kuzikwa Njabini. Ombi hilo sasa limebaki mikononi mwa watoto wake.