Historia ya neno dogo « by », na vile lilituharibia mahindi

Leo naleta historia ya neno lenye herufi mbili tu: by. Wengi wetu tulilijua sekondari, siku mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni: by = par. Tukaandika kwenye kaye, tukapata pointi, ikaisha. Mimi nililibeba vile vile mpaka chuo kikuu, mpaka nikamaliza lisansi ya kilimo. Halafu siku moja ile « par » ikanigeuka.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilikuwa nasaidia kikundi cha wakulima huku kwetu Kivu. Tulipata karatasi moja ya Kiingereza juu ya kuweka urea kwenye mahindi. Ilisema kwamba kawaida ni kilo 100 kwa hektari, lakini kama mkulima alishaweka mbolea ya ng'ombe mbele ya kupanda, apunguze urea « by one third ». Mimi agronome peke yangu njo nilijua Kiingereza pale, kwa hiyo wote waliniangalia mimi. Nikasoma haraka. By ni par, one third ni theluthi moja. Nikawaambia: « Ninyi wenye mbolea ya ng'ombe, mtaweka theluthi moja tu. » Wakaweka kilo 33.

Kumbe karatasi ilisema toa theluthi moja, zibaki karibu kilo 67. Nilikuwa nimewanyima nusu ya chakula cha mahindi yao.

Wiki chache zikapita, majani ya chini yakaanza kuwa manjano, kuanzia kwenye ncha na kuingia katikati ya jani kama herufi V. Kila mtu aliyesoma kilimo anaijua ile alama: azote haitoshi. Mzee mmoja wa kikundi akaniuliza kwa upole: « Mwanangu, karatasi njo ilisema hivi? » Nikamujibu ndiyo, papa. Usiku nikasoma tena ile karatasi, na usingizi ukaisha. Asubuhi nilirudi kuwaambia kwamba kosa haliko la karatasi, ni langu. Hawakunitukana. Lakini mavuno yalikuwa madogo, na mama mmoja alikuwa amehesabu yale mahindi kwa minerval ya mtoto wake.

Tokea siku ile nilitaka kujua hili neno linatoka wapi. Nilichokuta ni historia nzuri kabisa, na inatuhusu sisi watu wa Kifaransa kuliko vile tunafikiri.

Mwanzo: neno la mahali

Tuanze mbali. Katika karne ya 5, makabila ya Angles na Saxons yalivuka bahari kutoka pande za Ujerumani na Denmark ya leo, yakaingia kisiwa cha Uingereza. Lugha yao njo mama ya Kiingereza. Ndani yake kulikuwa neno bi, au be, na maana yake ya msingi ilikuwa ya mahali: karibu na, kando ya. Wajerumani mpaka leo wako na ndugu yake, bei, nayo inasema karibu na, au kwa mtu fulani. Hakuna « par » hapo. Ni neno la mtu anayesimama pembeni ya kitu.

Ile maana ya kwanza bado iko hai. Nyumba iko by the lake, ni nyumba ya kando ya ziwa. Bystander ni mtu aliyesimama pembeni anaangalia. Bypass ni barabara inayopita kando ya mji. Na sisi wa kilimo na ufugaji tunakutana kila mara na by-product: ni kitu kinachotoka pembeni wakati unatengeneza kitu kingine, kama makapi yanayobaki wakati wa kutengeneza pombe, ambayo tunawapa nguruwe.

Hili neno lilizaa pia watoto wengi ambao tunawatumia bila kujua mama yao. Before, behind, beside, beneath, below: ile « be » ya mbele ni by yenyewe. Between ni by pamoja na neno la kale la « mbili »: kuwa kando ya viwili, ni kusema katikati. Hata but, ambayo tunatafsiri « lakini », ilitoka kwenye be-utan, maana yake « upande wa inje ». Ukisema all but one, unasema wote, mmoja ameachwa inje. Ukishajua hivi, hauna tena lazima ya kukariri kila neno peke yake. Ni familia moja.

Kutoka mahali kwenda saa na kipimo

Katika lugha nyingi, maneno ya mahali yanapanuka yanafika kwenye saa na hesabu. By pia ilifanya safari hiyo, na njo hapo wengi wetu tunaanguka.

Saa kwanza. Mukiambiwa mutume dossier ya bourse « by Friday », muone Ijumaa kama mtu anafika mlangoni. Akifika, dossier inapaswa kuwa imesimama kando yake, imekwisha. Maana yake: isipite Ijumaa. Haiseme kwamba mutume siku ya Ijumaa yenyewe, na haiseme kwamba muendelee kutuma mpaka Ijumaa. Kiingereza kinatenganisha by na until: by ni kwa kitu kinachopaswa kuwa kimeisha, until ni kwa kitu kinachoendelea. Sisi kwa Kiswahili chetu tunasema « mpaka Ijumaa » kwa yote mbili, halafu tunategemea msikilizaji aelewe. Kifaransa kiko na « d'ici vendredi », inafanana kidogo na by. Lakini par haimo.

Sasa kipimo, ile iliyonimaliza. Njia nyepesi ya kuiona ni hii: simamisha watu wawili kando kando. Mmoja anamupita mwenzake kwa kichwa kimoja. Kiingereza kitasema ni mrefu by a head. By inaonyesha ile nafasi iliyo katikati yao, yaani tofauti. Kwa hiyo reduce by one third inasema: tofauti kati ya kiasi cha zamani na kiasi kipya iwe theluthi moja. Kama wangetaka kusema ufike kwenye theluthi moja, wangeandika reduce to one third. By ni ukubwa wa hatua, to ni mahali unafika. Kifaransa kinatenganisha vilevile: réduire d'un tiers, réduire à un tiers. Angalia vizuri: ni de na à. Par haimo tena!

Halafu kuna ile by ya kupanga na kugawa: two by two, wawili wawili; sold by the kilo, vinauzwa kwa kilo; na nafasi ya kupanda mahindi, 75 by 25, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo. Zote zinabaki na ile picha ya vitu vinavyowekwa kando kando.

Mwaka wa 1066, par inaingia

Sasa mtaniuliza: kama by ni neno la « kando », mwalimu wetu alitoa wapi by = par? Hakusema uongo. Hapa njo Kifaransa kinaingia.

Mwaka wa 1066, William, mkubwa wa Normandie, alivuka bahari kutoka Ufaransa, akamushinda mfalme Harold kwenye vita ya Hastings, akakuwa mfalme wa Uingereza. Yeye na wakubwa wake walisema Kifaransa. Kwa miaka mingi sana, Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu na ya watu wenye mashamba makubwa, na baadaye kikakuwa pia lugha ya mahakama. Kiingereza kikabaki lugha ya wakulima na soko. Hali ile sisi Wakongo hatuna lazima ya kufafanuliwa. Ni mwaka wa 1362 tu njo sheria ilitoka kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu wengi hawakuelewa Kifaransa ambamo walikuwa wanahukumiwa.

Watu wanaoishi na lugha mbili wanazichanganya, ni kama sisi. Waingereza walianza kutumia by pale Wafaransa walitumia par. Because ilianza kama maneno mawili, by na cause, kwa mfano wa par cause ya Kifaransa. Kujifunza kitu by heart kunafuata vile vile par cœur, ambayo sisi wote tuliifanya usiku wa mtihani.

Sana sana, by ilichukua kazi mpya ya kuonyesha mtendaji: kitabu kimeandikwa by fulani. Katika Kiingereza cha kale, kazi hiyo ilikuwa ya maneno mengine, yenye maana ya « kutoka » na « kupitia ». Baadaye of ikaishika kwa karne nyingi. By ilikuja polepole, na wataalamu wengi wanaona kwamba par iliisukuma. Muko na ushahidi nyumbani: pale Biblia za Kiingereza za leo zinasema Yesu alibatizwa by Yohana, tafsiri ya mwaka 1611 inaandika of. Kwa hiyo miaka 400 hivi iliyopita, mashindano yalikuwa hayajaisha.

Sasa muko mnaona mtego. By ilivaa koti ya par, lakini mwili ulibaki wa zamani. Mfaransa au Mkongo akiiona anatambua ile koti, anasalimia: « Ah, ni par! » Kwa mtendaji, atakuwa sawa. Kwa saa na kwa kipimo, atakosa, ju pale neno linasema kwa mdomo wake wa zamani, mbele ya William kufika.

Na kuna by nyingine ambayo si ndugu hata kidogo. Kuanzia mwaka 865, majeshi makubwa ya Wadenmark yalikuja kushika sehemu za mashariki na kaskazini ya Uingereza, na wengi wakabaki kulima. Katika lugha yao by ilikuwa kijiji au makao. Njo maana kuna miji kama Whitby, Grimsby na Derby, jina ambalo tunalisikia kila mara kwenye mpira. Na bylaw, sheria ya mtaa, inatoka upande huo: sheria ya kijiji. Sura moja, familia mbili.

Na Kiswahili chetu?

Kitu kilichonifurahisha zaidi nilikikuta nyumbani. Tunasema « nilikuja na dada yangu », na tunasema « barua imeandikwa na dada yangu ». Ile na moja inaonyesha mwenzangu wa safari, halafu inaonyesha mtendaji. Hakuna mtoto wa Bukavu au wa Goma anayechanganyikiwa.

Kila lugha ilipaswa kutafuta namna ya kumuonyesha mtendaji. Kifaransa kilichukua par, inayotoka kwenye per ya Kilatini, « kupitia »: kazi ilipita ndani ya mtu. Kiingereza kilichukua by: mtu alisimama kando ya kazi. Kiswahili kilichukua na: mtu alikuwa pamoja na kazi. Ni njia tatu za kufika mahali pamoja, lakini kila moja inabaki na mizigo yake mingine. Ukidanganyika kwamba mizigo ni moja kwa sababu mlikutana pamoja mara moja, utapotea, na unaweza kupoteza na wengine.

Kwa hiyo, wandugu, mimi nilifuta ile mstari wa kaye yangu. Pahali pa by = par niliandika: by = kando, halafu angalia jirani yake. Kama jirani ni mtu aliyefanya kazi, ni « na ». Kama ni siku, ni « isipite ». Kama ni hesabu inayofuata neno la kupunguza au kuongeza, ni tofauti, si mwisho. Kama ni ziwa au mti, ni kando tu, kama zamani.

Kila siku tunasoma karatasi za Kiingereza: masharti ya bourse, mikataba, vipimo vya dawa. Wale wanaotuuliza « imesema nini? » hawawezi kuhakikisha nyuma yetu. Wanaweka kwenye udongo kile tulichowaambia.

Msimu uliofuata nilirudi kwa kile kikundi. Mbele ya kusema neno lolote, nilipima kilo 100 kwa mifuko midogo chini ya mti, nikatoa theluthi moja mbele ya macho yao, nikaonyesha ile iliyobaki. Yule mzee akaangalia, akacheka kidogo: « Sasa karatasi imesema vizuri. » Nikamujibu: « Papa, ilikuwa inasema vizuri tokea mwanzo. »