Mizani ya Jana na Mizani ya Leo: Kusoma *Mashimo ya Mfalme Sulemani* Mbarara na Nakivale

Swali la iwapo chuki na dharau katika fasihi ya kale zihukumiwe kwa maadili ya leo hujibiwa mara nyingi kwa kauli moja: mwandishi alikuwa mtu wa zama zake. Makala haya yanadai kuwa kauli hiyo haitoshi, kwani hakuna zama zilizokuwa na sauti moja. Mfano wetu ni *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1929 kutokana na riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885.

Katika riwaya hiyo Waingereza watatu wanafika katika nchi ya kubuni ya Wakukuana na kukuta barabara kuu na sanamu kubwa za mawe. Hadithi inazinasibisha na wageni wa enzi ya Sulemani, si na mababu wa wenyeji. Dhana kwamba kila jambo la fahari barani Afrika lililetwa kutoka nje ndiyo aliyoieneza John Hanning Speke mwaka 1863, alipodai kuwa watawala wa Maziwa Makuu, Wahima wakiwamo, asili yao ni Uhabeshi.

Mtetezi atasema kuwa mwaka 1885 ushahidi wa kinyume haukuwa umepatikana. Hoja hiyo ina uzito kwa riwaya asilia, lakini kwa tafsiri ni dhaifu. Magofu ya Zimbabwe Kuu, ambayo walowezi waliyahesabu kuwa kazi ya Wafoinike au Malkia wa Sheba, yalichimbuliwa na David Randall-MacIver mwaka 1905, naye akahitimisha kuwa yalijengwa na Waafrika. Mwaka 1929, mwaka ule ule wa tafsiri, Gertrude Caton-Thompson alichimbua tena na kufikia hitimisho hilo hilo. Kwa hiyo anayehoji uteuzi wa kitabu hicho hatumii mizani ya leo pekee. Mizani hiyo ilikuwapo siku ile.

Haki inadai pia upande wa pili usemwe. Haggard huyo huyo alimpa Ignosi, mfalme Mwafrika, heshima na busara, na mwishoni akamfanya akatae wafanyabiashara wa Kizungu wasiingize bunduki na pombe nchini mwake. Kukifuta kitabu ni kuifuta sauti hiyo pia.

Suala hili lina uzito wa pekee Mbarara na Nakivale. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Huko, nadharia ya asili ya kigeni ilikuwa imeingia katika utawala wa Wabelgiji, ambao katika miaka ya 1930 waliandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1982 watu wa asili ya Rwanda walifukuzwa kutoka vijiji vya Mbarara. Baadhi walivuka mpaka, wengine wakakimbilia makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo. Siasa, ardhi na malisho vilichangia, na riwaya haiwezi kubebeshwa lawama hiyo. Hata hivyo, swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilikwisha kupewa lugha yake na vitabu vya karne iliyotangulia.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vya kusomwa vitahitajika, na vya zamani vitakuwa karibu na mkono. Tunapendekeza visiondolewe, wala visigawiwe vikiwa peke yake. Kila toleo liwe na utangulizi unaoeleza nini kilijulikana wakati wa kuandikwa na wakati wa kutafsiriwa, na nani alikipinga. Mwanafunzi wa Nakivale, ambaye pengine jamaa zake walihamishwa kwa hoja ya asili, anastahili kujua kuwa hoja hiyo ilipingwa mapema, na kwa ushahidi.