Wafungaji wa Tanga na mizani ya heshima

Katika barabara za Ngamiani, mjini Tanga, mjadala kuhusu mshambuliaji anayestahili kuitwa gwiji, yaani mchezaji ambaye sifa yake hudumu baada ya kustaafu, umefungamana na ushindani wa Coastal Union na African Sports, timu mbili zilizogawana mashabiki wa mji huo, ya kwanza ikijulikana kama Wagosi wa Kaya, ambapo “mgosi” ni mwanamume kwa lugha za Wabondei na Wasambaa, na ya pili kama Wana Kimanumanu.

Wapimao kwa idadi ya mabao humtaja Mohamed Hussein “Mmachinga”, aliyeifungia Yanga mabao 26 katika ligi ya 1999. Lakini kipimo hicho kikitumika peke yake huwadhulumu washambuliaji wa Coastal Union ya 1988, akiwamo Juma Mgunda, ambaye mwaka 2022 aliiongoza Simba kama kocha, kwa sababu timu yao ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika ligi iliyozoea kutawaliwa na Simba na Yanga, na bao lililosaidia kuvunja utawala huo lina uzito usioonekana katika jedwali la wafungaji.