Shule zikifungwa, parokia hufunguka: Maisha ya likizo Kitengela na Kajiado

KENYA haina msimu wa joto unaofunga shule kwa miezi miwili au mitatu kama ilivyo Ulaya na Amerika Kaskazini. Agosti, ambayo huko ni kilele cha jua, Kajiado ni mwezi wa kipupwe: asubuhi za baridi, upepo mkavu na nyasi zilizopoteza rangi tangu mvua za masika zilipokatika.

Licha ya tofauti hiyo, kazi ambayo makanisa ya miji midogo ya ng'ambo hufanya katika msimu huo, yaani kambi za vijana, mafundisho ya watoto, michezo na huduma kwa wasiojiweza, hufanywa na parokia za Kitengela na Kajiado katika likizo mbili: ile fupi ya Agosti na ile ndefu inayoanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba hadi mwaka mpya.

Hata hivyo, huku likizo si burudani pekee. Kwa baadhi ya watoto, hasa wasichana wa jamii za wafugaji, ndicho kipindi cha hatari kubwa kuliko vyote katika mwaka, na ua wa kanisa ni miongoni mwa mahali pachache pasipofungwa.

Parokia ni nini?

Wakatoliki huita parokia eneo lililo chini ya paroko, lenye kanisa moja kuu na vigango kadhaa vinavyohudumiwa kutoka hapo. Waanglikana na Wapresbiteri husema parishi. Katika kila kigango cha Kikatoliki zimo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani familia jirani zinazokutana majumbani kwa zamu. Maaskofu wa kanda hii, kupitia muungano wao wa AMECEA, waliukumbatia mpango wa jumuiya hizo mnamo 1973 na kuufanya kipaumbele cha uchungaji mnamo 1976.

Kajiado imo katika Jimbo Katoliki la Ngong, lililoanza kama prefektura mnamo 1959 na kuwa jimbo kamili mnamo 1976. Waanglikana nao waliunda Dayosisi ya Kajiado mnamo 1993, ikamegwa kutoka ile ya Nairobi. Kanisa la AIC, lenye mizizi katika misheni iliyofika nchini mnamo 1895, lina shule na makanisa ya miongo mingi katika eneo hilo, sawa na PCEA na makanisa mengine ya Kiprotestanti na ya Kipentekoste.

Mji uliomea malishoni

Kitengela iko takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi, kando ya barabara kuu ya Namanga. Mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti, uko karibu kilomita 50 mbele zaidi, baada ya Isinya.

Hadi miaka ya 1980, sehemu kubwa ya Kitengela ilikuwa malisho ya pamoja, yaliyomilikiwa na wafugaji wa Kimaasai kama ranchi ya kikundi chini ya sheria ya 1968. Ranchi hiyo ya takriban hekta 18,000 iligawanywa kwa wanachama mnamo 1988. Katika muongo uliofuata, eneo la EPZ la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje lilianza kazi Athi River, jirani na viwanda vya saruji, na wafanyakazi wakatafuta nyumba za bei nafuu Kitengela. Ploti zikauzwa na seng'enge zikatanda.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Katika muda huohuo, idadi ya wakazi wa Kaunti ya Kajiado ilipanda kutoka 687,312 hadi 1,117,840.

Matokeo yake ni parokia zenye sura mbili. Mabenchi ya makanisa ya Kitengela hukaliwa na Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii na Wamaasai, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Ukielekea kusini, vigango hupungua watu na kuongezeka umbali. Huko katekista husoma Biblia ya Kimaa, iliyokamilika mnamo 1991, pengine chini ya mgunga.

Kwa mtoto, kilichobadilika zaidi ni nafasi. Malisho ambako wavulana walichunga na kucheza yamezungushiwa ua, na viwanja vya mitaani vimejengwa nyumba za kupangisha. Uwanja wa wazi unaosalia kwa wengi ni ule wa shule na ule wa kanisa. Shule zikifungwa, husalia ule wa kanisa.

Agosti ni ya watoto

Katika likizo ya Agosti familia nyingi za Kitengela hazisafiri. Wazazi huenda kazini kabla ya mapambazuko, na watoto hubaki nyumbani au mikononi mwa jirani. Ndiyo sababu makanisa mengi huandaa Shule ya Biblia ya Likizo, maarufu kama VBS, ambayo kwa kawaida huchukua siku tano.

Mpango huo una historia inayofanana na hali ya Kitengela ya leo. Mnamo 1898 jijini New York, Marekani, mama mmoja wa kanisa la Kibaptisti, Bi Eliza Hawes, alikodi ukumbi wa baa ili awafundishe watoto waliokuwa wakizurura mitaani wakati wa likizo. Wazo hilo lilienea katika miji ya Marekani, na baadaye likavuka bahari pamoja na wamisionari.

Asubuhi watoto hugawanywa kwa umri. Kuna nyimbo, hadithi za Biblia, kazi za mikono na michezo, kisha uji saa nne na chakula cha mchana, mara nyingi githeri au wali na maharagwe. Walimu ni wanafunzi wa vyuo walio likizoni, walimu wa shule za Jumapili na akina mama wa kanisa. Siku ya mwisho, au Jumapili inayofuata, watoto huonyesha mbele ya wazazi walichojifunza.

Wakatoliki huwakusanya watoto kupitia shirika la kipapa la Utoto wa Kimisionari, ambalo nchini huitwa PMC. Lilianzishwa mnamo 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa nia ya kuwafunza watoto kuwasaidia watoto wenzao. Wapresbiteri wana Boys' Brigade, chama cha wavulana kilichozaliwa Glasgow, Scotland, mnamo 1883. Kwa vijana wakubwa kuna mashindano ya kandanda baina ya vigango, mazoezi ya kwaya, kutembelea wagonjwa na upandaji miti, ingawa miche hupandwa zaidi mvua zinapokaribia.

Desemba hugawanya kalenda

Likizo ndefu huonyesha wazi kwamba parokia hizi zina waumini wa aina mbili. Baada ya katikati ya Desemba, Kitengela huanza kuhamwa. Familia hupanda mabasi kwenda kwa nyanya na babu Ukambani, Mlima Kenya, Nyanza au Magharibi, na kanisa lililojaa pomoni mnamo Novemba huwa na mabenchi matupu Sikukuu ya Krismasi. Kwa hivyo harusi, kipaimara na sherehe za mavuno hubanwa katika majuma ya kwanza ya likizo.

Jambo moja linalosubiri likizo hiyo ni jando la wavulana. Makanisa mengi sasa huliandaa: wavulana hutahiriwa hospitalini, kisha hukaa pamoja chini ya washauri wa kiume wanaowafunza maadili, afya na wajibu wa mwanamume. Kwa miaka mingi wakati wake ulikuwa baada ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mnamo 2023. Mtaala mpya umeondoa alama hiyo, na wazazi hulazimika kuamua kati ya mwisho wa Gredi ya 6 na ule wa Gredi ya 9.

Katika vigango vya wafugaji mambo huenda kinyume. Desemba si wakati wa kuondoka bali wa kurudi. Wanafunzi wa mabweni hurejea bomani, wavulana hushika mifugo na sherehe za rika na familia hufanyika. Mvua za vuli zikinyesha, kuna maziwa na nyama ya kutosha kwa wageni. Zisiponyesha, familia huhama kufuata nyasi. Zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022, mifugo mingi ilikufa, na parokia zilijikuta zikigawa chakula na maji pale ambapo kawaida zingepokea mbuzi wa sadaka.

Wasichana na majuma ya hatari

Kurejea huko bomani ndiko kunakozipa parokia za Kajiado kazi yao nzito zaidi. Kidonda cha ukeketaji kinahitaji majuma kadhaa kupona, kwa hivyo likizo ndefu imekuwa msimu wa wanaotaka kuuendeleza mbali na macho ya walimu. Mara nyingi ndoa ya mapema hufuata, na msichana haonekani tena darasani.

Sheria haina utata. Sheria ya Watoto ya 2001 ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, na sheria maalumu ya 2011 ikauharamisha kwa wote, pamoja na kumvusha msichana mpaka kwenda kukeketwa, jambo lenye uzito katika kaunti inayopakana na Tanzania. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua Sh200,000, au vyote viwili.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamekeketwa, ikilinganishwa na asilimia 21 mnamo 2014. Miongoni mwa Wamaasai, hata hivyo, utafiti wa 2014 ulipata takriban asilimia 78.

Mfano unaojulikana zaidi wa kanisa kuwapa wasichana hifadhi ni Shule ya Msingi ya Wasichana ya AIC mjini Kajiado. Chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, shule hiyo ya bweni ilianza kuwapokea wasichana waliotoroka ukeketaji na ndoa za lazima. Kwao, kufungwa kwa shule hakukuwa na maana ya kwenda nyumbani, na ilibidi mahali pa kulala, chakula na walezi vipatikane likizo nzima. Kazi ya upatanisho hufuata, wachungaji na wazee wakizungumza na wazazi ili msichana apokewe bila masharti.

Njia nyingine ni sherehe mbadala, ambapo wasichana hufunzwa na kubarikiwa na wazee bila kukatwa. Sherehe za aina hiyo zilianza Tharaka mnamo 1996, na baadaye shirika la Amref likazieneza katika sehemu za Kajiado. Zinapofaulu, ni kwa sababu wazee wa mila na akina mama wamekubali kwanza. Mahubiri peke yake hayajatosha.

Funzo la 2020

Umuhimu wa ua wa kanisa ulidhihirika ulipofungwa. Mnamo Machi 2020, kutokana na ugonjwa wa Covid-19, shule na maabadi vilifungwa kwa wakati mmoja. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ibada haikupaswa kuzidi saa moja wala waumini 100, na watoto wa chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa kuhudhuria. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021.

Hiyo ilikuwa likizo ya miezi tisa bila mwalimu, bila katekista na bila kambi. Mashirika ya kutetea watoto na maafisa wa serikali walitoa tahadhari kuhusu mimba za mapema na ukeketaji katika kaunti za wafugaji, Kajiado ikiwamo.

Fedha na uangalizi

Shughuli hizi hugharamiwa kwa sadaka, michango ya jumuiya na mnada wa kanisa, ambapo kuku, ndizi au kondoo aliyetolewa madhabahuni huuzwa kwa mwenye kutaja bei ya juu. Kwa muda mrefu harambee zilitegemea pia wanasiasa. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Waanglikana, Jackson ole Sapit, ambaye mwenyewe ni Mmaasai kutoka Narok, alipiga marufuku siasa katika madhabahu ya kanisa lake. Mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto. Uhuru huo una gharama: bajeti ya likizo sasa hutegemea zaidi mifuko ya waumini wenyewe.

Aidha, tangu mauaji ya Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yafichuke mnamo 2023, mzazi hatakiwi kumkabidhi mtoto kwa kanisa lolote akiwa amefumba macho. Ana haki ya kujua nani atalala na watoto kambini, nani amewachuja walimu, na lalamiko hupelekwa kwa nani. Sheria ya Watoto ya 2022 huwabana walezi wote, wa dini na wasio wa dini.

Kwa kawaida parokia huhesabu mafanikio ya likizo kwa idadi ya watoto waliofika VBS au waliopokea kipaimara. Kitengela hesabu hiyo inaweza kutosha. Katika vigango vya Kajiado, hesabu iliyo ya kweli zaidi hufanywa Januari, mwalimu anapoita majina darasani na kila msichana aliyeondoka Oktoba akaitikia.