Hospitali ya Lambaréné, Iliyojengwa Mara Tatu

Miongoni mwa hospitali za hisani zilizoasisiwa katika misitu ya Afrika ya Ikweta, ile ya Lambaréné, ukingoni mwa mto Ogooué nchini Gabon, ina ajabu hii, kwamba mtu mmoja aliijenga mara tatu katika muda usiozidi miaka 14.

Mara ya kwanza ilikuwa 1913, Albert Schweitzer, mzaliwa wa Alsace aliyekwisha kupata jina kwa elimu ya dini na kwa kupiga kinanda cha kanisani kabla hajasomea utabibu, alipowasili pamoja na mkewe Helene katika kituo cha misheni ya Paris, akaanza kutibu wagonjwa katika banda lililokuwa la kuku. Lugha za wenyeji hakuzijua. Aliyemfahamisha na wagonjwa alikuwa Joseph Azoawani, mpishi wa zamani, ambaye kwa haki angestahiki kutajwa kila hospitali hii itajwapo. Vita vya 1914 vikawakuta mume na mke ni raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa, na mwaka 1917 wakasafirishwa Ulaya wakiwa mahabusi.

Aliporejea tarehe 19 Aprili 1924, mkesha wa Pasaka, baada ya kuchuma fedha kwa mihadhara, kwa kinanda na kwa kitabu chake, alikuta kijumba cha mabati na kiunzi cha banda moja kubwa, na kwingineko kote msitu umekwisha kurudi. Haja ya kwanza basi haikuwa dawa, ilikuwa makuti. Tabibu akawa akizunguka vijiji kwa mtumbwi kutafuta makuti ya mwale, asubuhi akitibu na alasiri akiezeka; na kwa kuwa biashara ya magogo ya okoumé ilikuwa imewavuta vijana wote, vibarua hawakupatikana, ikabidi jamaa za wagonjwa wasihiwe, na pengine wakaripiwe, wabebe miti. Waliopata kusimamia ujenzi wa sadaka hawatastaajabu.

Kazi hiyo haijatulia, mwaka 1925 ukaja na njaa pamoja na maradhi ya kuhara damu, na kiwanja kikawa hakina nafasi ya kuwatenga wenye kuambukiza. Ndipo alipoazimia kuhama, kilomita tatu hivi juu ya mto, mahali penye nafasi ya mabanda na ya mashamba pia. Na tarehe 21 Januari 1927 wagonjwa wa kwanza wakavushwa kwa mashua.

Hospitali hiyo ilifanana na kijiji: mgonjwa alikuja na nduguze, nao wakampikia. Wageni wengi waliudhika na mbuzi na uchafu, ingawa nionavyo mgonjwa aliye kati ya jamaa zake haogopi matibabu. Lawama nzito zaidi ni kwamba Schweitzer alijihesabu kaka mkubwa wa Waafrika, wala hakuwaandaa kushika usukani. Hiyo sioni jinsi ya kuitetea.

Fedha za tuzo ya amani ya Nobel ya 1952 zilikwenda katika kijiji cha wakoma. Tabibu alifariki 1965, akazikwa papo hapo. Majengo mapya yakafunguliwa 1981, na utafiti wa malaria ukaanzishwa kando yake. Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa kwa watoto wa Lambaréné kama ilivyojaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi.